Mlienda Wawili

Kwa miaka miwili Aluoch alilala bila kutia komeo mlangoni. Majirani wa kijiji cha Raila walidhani amerukwa na akili, maana humo Kibera hata mwenye sufuria moja hulala na kufuli, komeo na kiti nyuma ya mlango. Yeye alikuwa na televisheni na jiko la gesi, lakini mlango aliusukuma tu, akapanda kitandani. Ulipomuuliza, alikwambia kwamba Billy hana ufunguo. Billy alikuwa amekufa. Mtaa mzima ulijua hivyo na mama mwenyewe alijua hivyo, ila kujua si kukubali, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hakuna aliyemwonyesha maiti.

Billy alikuwa kitinda mimba wake. Alianza kwa kubeba mizigo ya watalii Mlima Kenya, akaja akawa msaidizi wa kiongozi mmoja Mkamba wa Kawangware aitwaye Kavoi, na mlima ukamwingia damuni. Siku moja katika soko la Toi lilifunguliwa robota la mitumba, na katikati ya makoti mazito ambayo Nairobi hayana mvaaji zikatoka jozi mbili za skii, zile mbao ndefu nyembamba ambazo watu wa nchi za baridi hujifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Mwenye robota alidhani ni vipande vya rafu. Billy akazichukua zote, jozi yake na jozi ya Kavoi, pamoja na viatu vyake vigumu kama ndoo. Jioni alizivaa kwenye mteremko wa nyasi karibu na reli, akaanguka, akaamka, akaanguka tena, watoto wakimpigia makofi kana kwamba wamelipa kiingilio.

Kaka yake, Benard Opondo, ni fundi wa viatu hapo hapo Toi. Siku chache baadaye Billy alimtupia kazi mezani.

"Bro, hizi vitu zinajua kushuka. Nataka zijue kupanda."

Akamweleza kwamba Wazungu hubandika ngozi yenye manyoya chini ya skii. Manyoya yakilala kuelekea nyuma, mbao inateleza mbele lakini hairudi kinyume, na mtu anaupanda mlima kwa kuburuta miguu. Ngozi yenyewe hana, ila amepata kipande cha zulia. Lilikuwa zulia jekundu lenye maua meupe, na manyoya yake yalilala upande mmoja sawasawa. Benard alilikata, akalipaka gundi ya viatu, akashona kamba kwenye ncha ili livuliwe na kuvalishwa. Kazi nzuri. Hakuuliza zulia limetoka wapi.

Wiki hiyo hiyo mama yao alikosana na jirani yake, Nasipwondi, kwa sababu zulia la sebuleni lilikuwa limekatwa pande zima chini ya kochi, na aliyekuwa ameachiwa ufunguo ni Nasipwondi peke yake. Waliitana mwizi hadharani na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Benard alisikia habari za ugomvi huo kama anavyosikia mtu mwenye kazi nyingi, kwa sikio moja.

Novemba ikaja na mvua zake. Mvua ikinyesha Nairobi, juu ya mlima inashuka theluji, na Billy hakulala. Wakapanda yeye na Kavoi. Siku ya tano Kavoi alisimama mlangoni kwa Aluoch peke yake, mikono yote miwili imefungwa bandeji.

"Mlienda wawili," Aluoch alimwambia. "Saa hii naona mmoja. Wa pili ako wapi?"

Kavoi akaeleza. Theluji ilikuwa mpya, haijashikana na iliyo chini yake. Alimwambia Billy warudi, Billy akacheka akaanza kuvuka, na mteremko ukameguka chini ya miguu yake ukamporomosha hadi ndani ya ufa mrefu ulio kati ya jabali na barafu, kisha theluji nyingine ikaja ikamfunika. Kavoi alichimba kwa mikono hadi vidole vikafa ganzi, na viwili vilikuja vikakatwa ncha. Askari wa mbuga walikuwa wameshaanza kutafuta, nao walikuja wakatafuta kwa siku nyingi mpaka hali ya hewa ikawafukuza. Maneno ya Kavoi yalipita juu ya kichwa cha mama kama moshi.

"Toka kwa mlango yangu," alisema. "Na usiwahi simama hapo tena."

Benard alikuwepo na hakumtetea. Ilikuwa rahisi kumchukia Kavoi. Mfiwa hutafuta pa kuutua mzigo wake, na mzigo ule kama usingetuliwa kwa Kavoi ungerudi kwa fundi aliyezifanya skii zijue kupanda. Benard alilijua hilo, akalikalia kimya, akaendelea kushona viatu vya watu.

Kwa Wajaluo, mtu ambaye maiti yake haikuonekana huzikwa kwa yago, lile tunda refu la mwegea lenye uzito wa mtoto mchanga. Hulazwa kaburini badala ya mwili ili marehemu apate pa kukaa na walio hai waache kungoja. Baba wadogo wa Billy kule Alego walishapiga simu mpaka wakachoka. Sasa walikuwa wamekata shauri kwamba Desemba hii, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani kwa Krismasi, yago lizikwe na mambo yaishe. Aluoch alisikiliza, akakata simu. Jumapili baada ya kanisa akamwita Benard.

"Nitakubali yago," alisema. "Lakini kwanza mtu wa tumbo langu aende huko juu. Asimame pale pale alianguka. Amwite na ile jina ilikuwa inamnyamazisha, amwambie twende nyumbani. Kama hajaitwa, hiyo yago itakuwa tu matunda kwa shimo, na mimi sitaenda kulilia matunda."

Wa tumbo lake alikuwa amebaki mmoja.

"Mathe, mimi hata ngazi ya gorofa ya tatu napanda nikipumzika."

"Basi utapumzika. Kwani nimesema ukimbie?"

Jina lenyewe lilikuwa Osewe. Billy alipozaliwa alilia usiku na mchana, wakamtajia marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na walipofika kwa Osewe, babu wa baba yake, mtoto akanyamaza kama redio iliyozimwa. Tangu hapo Billy likawa jina la shule na barabarani, na Osewe likawa la ndani ya nyumba.

"Na ukishamwita usimwache nyuma," mama aliongeza. "Mkivuka mto, mwambie tunavuka mto. Mkipanda gari, mwambie panda. Yeye hajui njia ya kurudi. Angejua, angekuwa amekuja."

Milima haikutani, lakini binadamu hukutana hata wakijificha. Benard alipita Makina, akavuka barabara ya Ngong, akashika njia ya Kawangware kwa miguu huku akipanga maneno. Alimkuta Kavoi akiuza makaa, kazi anayofanya wakati watalii wamekauka. Maneno aliyoyapanga hayakuonekana tena.

"Niaje, Benard," alisema Kavoi, na mkono aliounyosha ulikuwa na vidole viwili vifupi.

Benard aliupokea. "Mathe amesema niende nimwite. Pale alianguka. Na mimi huo mlima siujui."

Kavoi alijifuta masizi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nimekuwa nikingoja mtu wa kwenu akuje. Sikujua ni lini." Akamwingiza ndani, akainama chini ya kitanda, akavuta kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. "Hizi zilimtoka miguu, zikabaki juu. Nilitaka kuzileta, lakini unajua vile mathe aliniambia."

Zilikuwa skii za Billy. Benard alizigeuza ili aone kama gundi yake bado imeshika, na kweli ilikuwa imeshika. Kisha akaliangalia lile zulia, maua meupe juu ya wekundu, akalikumbuka kochi la mama yake na shimo lililo chini yake.

"Woi," alisema.

"Nini?"

"Hii ni kapeti ya mathe. Aliikata chini ya kochi. Na mathe amenunia jirani miaka mbili!"

Walitazamana. Kicheko hakina adabu, hakijui msiba wala shughuli, na kiliwatoka wote wawili pamoja. Halafu Benard akakaa juu ya gunia la makaa na suruali yake safi, akalia kama hajawahi kulia tangu siku ya bandeji. Kavoi hakumbembeleza. Alitoka akahudumia mteja, akarudi na chai.

"Theluji ya Novemba si nzuri," alisema. "Tungoje Januari."

"Wazee wamepanga Desemba. Na mathe hataenda kama sijaenda."

Kavoi akaipuliza chai yake. "Sawa. Lakini huko juu mimi ndio nasema. Nikisema tunarudi, tunarudi."

"Sawa," alisema Benard. Ukiwa umekaa Kawangware na kikombe mkononi, hilo ni neno jepesi sana.

Walipanda kwa siku kadhaa, pole pole, kwa sababu hewa ya huko haina haraka ya kumwingia mtu wa mjini. Walipita msitu, wakapita matope ambayo Benard aliyatukana kwa Kijaluo, wakapita bonde la mimea mikubwa ya ajabu iliyosimama kama watu wanaongoja kuitwa ofisini. Kichwa kilimgonga. Chakula kilimkataa. Kila walipopumzika Kavoi alimpa maji na kumwambia kwamba nyanyake kule Machakos aliuita mlima huu Kiinyaa, na kwamba Wakamba waliutazama kwa mbali tu kwa sababu walikuwa na akili.

Siku yenyewe ilianza kwa mwanga mweupe kwenye mlango wa kibanda cha mwisho cha wapandaji. Theluji ilikuwa imeshuka mfululizo, na kila jiwe lilikuwa limevishwa. Benard hakuwahi kuona kimya kama kile. Pale Raila hakuna dakika ambayo mtu hapigi nyundo, hakohoi, hapigi muziki ukasikika hadi kwa jirani yake. Hapa alisikia damu yake mwenyewe masikioni, na akaogopa.

Kavoi alimvisha viatu vingine vya ndoo alivyovipata kwenye mitumba ya Toi, akamfunga skii za Billy, naye akafunga zake. "Ukienda na miguu utazama hadi kiuno. Na hizi utakaa juu. Usiinue mguu. Uburute, kama unatembea na slipas ya mtu mwingine."

Akaburuta. Mbao ikateleza mbele, na alipouweka uzito juu yake ikashika, haikurudi hata inchi. Akaburuta mguu wa pili. Manyoya ya zulia la mama yake yaliuma theluji kwa sauti ndogo ya kukwaruza, na kaka mtu akapanda mlima juu ya kazi ya mikono yake, mahali ambapo mdogo wake alikuwa amepanda juu ya kazi hiyo hiyo. Alitaka kuona fahari na alitaka kutapika. Vyote viwili vilikuja, na cha pili kilishinda. Kavoi alimshika kola mpaka akamaliza.

"Ni mlima tu," alimwambia. "Inafanyia kila mtu."

Jua lilipopanda, theluji iliwaka mpaka ikabidi wavae miwani myeusi. Mteremko ukasimama, skii zikawa hazifai tena. Wakazivua, wakazifunga mgongoni, wakavaa meno ya chuma chini ya viatu. Kavoi alimpa sururu ndogo ya barafu, akafunga kamba kiunoni mwake na mwisho wa pili kiunoni mwa Benard. Lilikuwa fundo lile lile, kamba ile ile pengine, na miaka miwili Benard alikuwa amejiambia kwamba mtu aliyefunga kamba hiyo ndiye aliyemuua ndugu yake. Sasa aliivuta kuhakikisha imekaza. Ilikuwa imekaza vizuri.

Wakapanda. Piga teke, chimbia meno, chomeka sururu, pumua. Piga teke. Benard hakutazama chini wala juu. Alitazama visigino vya Kavoi. Alisahau kuhesabu, akasahau kuogopa, akabaki anapumua tu. Hatimaye visigino vikasimama.

Walikuwa begani mwa mlima, kilele cha Lenana kikiwa juu yao upande mmoja. Mbele yao palikuwa na mteremko mpana, laini, mweupe bila doa, na ng'ambo yake jabali jeusi. Chini ya jabali paliingia kivuli kirefu cha bluu.

"Ni pale," alisema Kavoi. "Ule ufa. Pale kwa kivuli."

Hapakuwa mbali. Ni kama kutoka kibandani kwa Benard hadi kwenye lango la soko, mahali anapotembea mara ishirini kwa siku kwenda kutafuta chenji. Benard alipiga hatua moja, akapiga ya pili, na theluji yote iliyowazunguka ikatoa sauti. Ilikuwa sauti nzito ya chini, kama mtu ameketi kwa kishindo kwenye kitanda cha chumba cha pili. Kavoi akawa jiwe.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ndio ilisema siku ile. Nikamwambia, Billy, turudi. Akaniambia, Kavoi, wewe ni mzee." Aliishika kamba kwa mikono miwili. "Mimi nimefika mwisho. Turudi, Benard."

"Ni pale tu! Mathe alisema pale pale. Si karibu. Pale pale."

"Najua."

"Nikirudi bila kufika, hatazika. Atakaa na mlango wazi mpaka afe. Wewe hujui vile anakaa, Kavoi. Kila asubuhi anaangalia kama kuna viatu kwa mlango."

"Najua," alisema Kavoi tena. "Yeye alijifungua kamba akaenda. Wewe ni mtu mzima, siwezi kukushika. Lakini nakuomba."

Mkono wa Benard ulikuwa tayari juu ya fundo. Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Alitazama lile jabali, akatazama theluji nzuri, nyororo, isiyo na hatia yoyote usoni, na kwa mara ya kwanza alielewa kwamba Billy hakuwa mpumbavu. Mtu yeyote angevuka. Ilikuwa hivyo hivyo siku ile, jua hili hili, jambo kubwa la kufanya ng'ambo ya pili, na mwenzako nyuma anakuomba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, watu wa Raila walisema siku habari zilipofika, na Benard alitikisa kichwa kukubaliana nao. Sasa alikuwa amesimama pale aliposimama ndugu yake na mguu wake mwenyewe ulikuwa unawasha kwenda.

Akaona mlango wa mama yake. Akamwona Kavoi amesimama hapo mara ya pili, peke yake.

Aliuondoa mkono kwenye fundo. Akapiga magoti hapo alipokuwa, akajaza pumzi yote ambayo hewa ile bahili ilimruhusu.

"Osewe!" aliita. "Osewe! Ni Benard! Mathe anasema twende nyumbani!"

Jabali lililirudisha jina, kisha likanyamaza. Hakuna kilichotokea. Hakuna ndege aliyeruka, wala upepo uliovuma, na asikudanganye mtu kwamba mlima hujibu. Benard aliita tena mpaka sauti ikakatika, halafu akaongea tu, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kawaida ya ndugu wawili walio chumba kimoja. Alimwambia kwamba hawezi kuvuka, kwa hivyo yeye ndiye avuke. Alimwambia kuhusu zulia na Nasipwondi. Alimwambia kwamba zile skii alizitengeneza vizuri kwa sababu alimpenda, na kwamba tangu siku hiyo hajatengeneza kitu vizuri. Kavoi alikuwa amegeuka, anatazama upande mwingine.

"Haya," alisema Benard mwishoni. "Osewe, tunashuka sasa."

Wakashuka kwa kufuata nyayo zao wenyewe. Walipofika mahali mteremko ulipolala, Kavoi alimfunga tena skii, lakini safari hii alivua zile kapeti. "Kidogo tu," alisema. "Ujue." Benard alisimama, akainamisha magoti kama alivyoelekezwa, na dunia ikaanza kumpita. Hakuna kelele, hakuna uzito, hakuna hata mtu aliyemdai kiatu; ni upepo tu usoni na mwili uliosahau kwamba una miaka. Alianguka baada ya muda mfupi, theluji ikamjaa kooni. Alilala chali akitazama mbingu.

"Kumbe ni hii," alimwambia Osewe, na akamsamehe palepale.

Njia nzima alimwambia. Tunaingia msituni. Tunavuka mto, angalia jiwe hilo linateleza. Panda gari. Kondakta alipotaka kuweka abiria kwenye kiti cha dirishani, Benard alisema kina mtu, na Kavoi akakilipia. Walipokaribia Nairobi, Kavoi akainama sikioni mwake.

"Akikuuliza kama ulifika, sema ulifika. Mimi nitanyamaza. Hakuna mtu mwingine anajua."

Benard alikitazama kile kiti cha dirishani. Tangu asubuhi ile alikuwa hafikirii jambo jingine. Neno moja dogo la uongo, na mama angezika, angelala, angefunga mlango. Ukweli ungeweza kumwacha vile vile hadi kaburini. Alijaribu kuusema uongo huo moyoni mara nyingi, na kila mara akamkumbuka aliyekaa dirishani, ambaye alikuwepo na anajua.

Waliingia Raila jioni, moshi wa jikoni ukianza kushuka juu ya mabati. Kavoi alisimama ng'ambo ya mtaro, hatua kadhaa kutoka mlangoni, akatazama chini. Benard akaingia na skii begani. Mama yake alikuwa akichambua omena kwenye sinia. Hakuinuka. Alimtazama kuanzia utosini hadi vidoleni, polepole, kama anayekagua nguo aliyoiazima mtu.

"Ulisimama pale alianguka?"

Benard alifungua mdomo, na uongo ukawa karibu kabisa, mtamu, uko tayari.

"Hapana, mathe," alisema. "Nilisimama pale alifaa kusimama. Theluji ilikataa. Kavoi aliniomba turudi, nikarudi. Nilimwita kutoka hapo. Niliita mpaka sauti ikaisha. Kama haitoshi, nisamehe."

Vidole vya Aluoch viliendelea kuchambua omena kwa muda, halafu vikasimama.

"Tangu uende sijala," alisema. "Nilikuwa najiambia, Aluoch, wewe ni mjinga wa mwisho. Umetuma wa pili kwa shimo ya wa kwanza. Nikasema akirudi bila kufika, nitamshukuru Mungu na nitanyamaza." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye magamba ya samaki. "Hiyo ni nini umebeba?"

Benard alizilaza skii sakafuni, juu ya zulia, akazivalisha kapeti zake na kuzigeuza. Maua meupe yalikutana na maua meupe. Mama alitazama. Alisogeza mguu wa kochi, akatazama shimo lililokatwa, akatazama tena skii.

"Uuwi, Osewe," alisema taratibu. "Na mimi nikaita Nasipwondi mwizi mbele ya watu!"

Akacheka, kicheko kikavunjika njiani, akalilaza shavu lake juu ya ile mbao na kuomboleza kwa sauti, kilio kirefu cha matanga ambacho majirani walikuwa wamekingoja miaka miwili. Hakuna aliyekuja kuuliza kuna nini. Nasipwondi alitoka mlangoni kwake, akasimama, akafunga leso kiunoni kama wanavyofanya wanawake wanaojiandaa kwenda msibani.

Aluoch alipoinuka aliona kivuli ng'ambo ya mtaro.

"Nani huyo?"

"Ni Kavoi. Ulimkataza mlango."

Alitoka hadi kizingitini. Kavoi alivua kofia. Ile mikono yake haikujua pa kukaa.

"Kavoi," alisema Aluoch. "Mlienda wangapi?"

"Wawili, mama."

"Na mmerudi wangapi?"

Kavoi alimtazama Benard, akazitazama zile mbao mbili zilizolala sebuleni juu ya zulia.

"Watatu, mama."

"Basi ingia. Umesimama kwa baridi kama mgeni."

Aliingia akiinamisha kichwa, na Nasipwondi akaingia nyuma yake bila kualikwa. Aluoch aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja, macho yakatua kidogo juu ya zile skii. Kisha akarudi mlangoni, akausukuma ukakaa. Komeo lilikuwa limeshika kutu. Alilipiga kwa kiganja mara mbili, likalia, likaingia.